Muhogo wa Kiwanja cha Gofu

Alfajiri Mwaija aling'oa muhogo wake mwenyewe, shina baada ya shina, mizizi bado myembamba kama vidole. Ndani, binti yake Zamda alikuwa hajala tangu juzi, ameacha hata kulia. Mwaija hakuthubutu kumbakishia hata mstari mmoja wa muhogo. Katibu wa kijiji, Semboja, alikuwa ametangaza: kila nyumba mashina mia, na majani yake mabichi, yafike kwenye kiwanja cha gofu kabla jua halijapanda.

Kiwanja hicho Wazungu wa mkonge walikichonga kwenye shamba la babu yake Mwaija, pale unapotoka Korogwe mjini. Walijenga nyumba ya kunywea bia, wakaweka mlinzi getini. Mwafrika aliingia mle kwa kubeba mfuko wa fimbo tu. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, fimbo wakazirithi wakubwa wapya na Semboja akiwemo. Mlinzi alibaki yule yule. Kisha likaja Azimio, mkonge ukataifishwa, ikawa kiongozi haruhusiwi kuonekana kwenye starehe za kibepari. Basi klabu ikafa kwenye karatasi, ikazaliwa upya: Shamba la Ujamaa, ekari arobaini, muhogo. Bia iliendelea kunywewa, na leo mkubwa kutoka mkoani alikuwa anakuja kuliona hilo shamba.

Wanawake waliyachomeka mashina kwenye nyasi, upande unaoonekana barabarani, wakayamwagilia kwa mpira wa klabu. Saa tatu ikaingia Landrover, nyuma yake lori la yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Mate yalimjaa Mwaija mdomoni. Halafu akatazama muhogo: majani yalikuwa yameanza kulegea.

Mgeni alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Alipofika mbele ya Mwaija alishika shina moja, nalo likacheza. Mwaija akalikanyagia udongo haraka.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huu mliupanda lini?"

Nyuma ya mgeni, Semboja alikuwa anatabasamu. Mwezi uliopita mzee Isihaka alisimama mkutanoni akasema watu wana njaa. Kesho yake alipakiwa kwenye tela na wanawe, wakabwagwa porini Handeni, na nyumba yake ikachomwa. Kijiji kizima kiliwekwa nje kuutazama moto.

"Wakati wa masika, mzee."

"Na chakula je? Sema, usiogope. Nina magunia sitini pale, nawapa wenye njaa."

Usiogope! Huyu baba wa watu alikuwa hajui anachokisema. Mwaija alitaka kusema, kweli alitaka. Jina la Zamda lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Semboja akakohoa kidogo.

"Chakula kipo, mzee," Mwaija alisema. "Tunashukuru."

"Mnasikia?" Mgeni aligeuka kwa furaha. "Hawa hawangoji msaada!"

Semboja akapiga makofi. Wote wakapiga, na wale waliolalia maji matupu wakapiga kwa nguvu zaidi.

"Magunia yaende kijiji cha Makuyuni, kwa wenye njaa," mgeni aliagiza. "Na mama huyu aende nayo. Wenzake wa huko wamsikie kwa kinywa chake mwenyewe jinsi mlivyolima."

"Mzee, nimeacha mtoto mgonjwa..."

"Tutamwangalia," Semboja alidakia, akimbana kiwiko hadi mfupani. "Panda, mama. Usituaibishe."

Mikono ikamsukuma juu. Alikaa juu ya magunia, mgambo mwenye bunduki akakaa mkabala naye. Lori lilipita mbele ya nyumba yake, mlango uko wazi kama alivyouacha. Hakugeuza shingo, maana mgambo alikuwa anamtazama.

Walipoiacha lami akaanza kunong'ona peke yake, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, asije akakosea mbele ya watu wa Makuyuni: tulipanda wakati wa masika, chakula kipo, tunashukuru.