Chura, Ng'ombe na Namba Kumi na Moja

Kama methali zingehesabiwa mabao, timu ile ingekuwa bingwa kila mwaka. Kocha wake alikuwa nazo za kila aina: za kufunga, za kufungwa, za kipa aliyesinzia, hata za mvua. Wachezaji walimpachika jina la Kamusi. Alilijua, ila alijifanya halijui.

Jumapili ile, ugenini, methali ilimtoka mahali pabaya.

Dakika ya sabini, winga wake waliyemwita Upepo alikuwa pembeni mwa uwanja, mpira mikononi, anataka kurusha. Jukwaa lililokuwa nyuma yake likaanza kumlilia kama nyani. Si mlevi mmoja, jukwaa zima: hu, hu, hu, kwa kupokezana. Upepo aliuweka mpira chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Akatoka, akapita mbele ya benchi bila kumtazama mtu, akaingia zake ndani. Wachezaji wa akiba walikuwa wameshaingizwa wote, kwa hiyo timu ikabaki pungufu na ikafungwa mbili.

Baadaye, kwenye chumba cha waandishi, Kocha aliulizwa anasemaje kuhusu ubaguzi ule. Kamusi akafunguka kwenye ukurasa aliouzoea.

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," alisema. "Mimi nimecheza nchi za baridi miaka sita. Nilisikia hayo kila wiki na nikafunga mabao. Anayetaka ukimya aende maktaba."

Waandishi wawili watatu wakacheka. Alipofika kwenye basi, simu yake ilikuwa inatetemeka mfukoni kama ina homa. Nusu ya watu walimwita mwanamume wa shoka. Nusu wakamwita msaliti wa rangi yake. Na nusu ya tatu, maana mitandaoni hesabu haina mwalimu, wakasambaza picha yake wakiwa wamemchorea pembe za ng'ombe.

Picha haikumsumbua. Kilichomsumbua ni friji.

Jumatatu asubuhi mkewe alimkuta amepiga magoti jikoni, anachomoa waya ukutani.

"Baba watoto, friji limekukosea nini?"

"Linapiga kelele."

"Miaka tisa linapiga kelele hiyohiyo. Na mimi nakoroma, je, utanichomoa?"

Alicheka kwa meno tu. Mkewe alisubiri atoke, akarudisha waya. Kesho yake Kocha akauchomoa tena, na siku hiyo maziwa yakaganda kabla ya saa sita. Hakumwambia kwamba sauti ile alianza kuisikia miaka ishirini na minane iliyopita, na kwamba ilikuwa inahama. Kuna mwaka ilikaa kwenye pampu ya maji ya jirani. Kuna mwaka ilikaa kwenye feni ya ofisi mpaka akaamua kufanya kazi kwa jasho. Safari hii imehamia jikoni, imepata na barafu.

Upepo hakuja mazoezini Jumatatu, Jumanne wala Jumatano. Alituma ujumbe kwamba anaumwa, bila kusema wapi. Alhamisi akabisha hodi ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha kugeukia tu: ubao wenye sumaku kumi na moja za rangi mbili, filimbi kwenye msumari, na kiti cha mgeni kilichotokwa na sifongo. Upepo hakukaa. Aliamkia, maana hasira hazikumfuta malezi, Kocha akaitikia, kisha kijana akaweka jezi yake mezani.

Hapa lazima mtu aelewe sheria ya Bibi Sabuni. Huyo ndiye mfua jezi wa klabu, mama mfupi mwenye sauti ndefu. Kwake, kila jezi ya mechi huingia kapuni ikiwa imegeuzwa ndani nje, ili namba isichubuke kwenye mashine. Asiyegeuza hunyimwa soksi kavu wiki nzima, na amewahi kumnyima hata nahodha.

Jezi iliyokuwa mezani haikuwa imegeuzwa. Ilikuwa safi, imekunjwa mara tatu, mikono imefichwa nyuma, namba kumi na moja juu. Kocha aliwahi kuona jezi imekunjwa hivyohivyo, namba ileile, juu ya kitanda cha mtu mwingine.

"Nimeifikiria methali yako, Kocha," Upepo alisema. "Chura ni wale wa jukwaani, sawa. Ng'ombe ni mimi."

"Ni methali tu, mwanangu."

"Najua. Wao wananiita nyani, wewe unaniita ng'ombe. Nauliza tu, kwenye timu hii mtu ni nani?"

Kamusi akatafuta ukurasa, hakuupata.

Upepo akasema hataki samahani ya kuandikiwa. Anataka Kocha akae mbele ya vipaza sauti vilevile, aseme ilikuwaje alipoisikia sauti ile yeye mwenyewe, ujanani. Kama kweli haikumuuma, basi, Upepo atajua kwamba udhaifu ni wake, na atatafuta kazi nyingine. Hatavaa jezi ile kabla ya hapo. Akaaga na kuufunga mlango polepole. Angeubamiza ingekuwa nafuu.

Bibi Sabuni alipopitia kuchukua vizibao vya mazoezi, aliitazama jezi bila kuigusa.

"Namba juu," alisema. "Mtu akiiweka namba juu, anaaga huyo."

Ijumaa katibu wa klabu alimpa Kocha karatasi yenye mistari minne, iliyoanza na "iwapo kuna aliyekwazika". Kocha alikaa mbele ya waandishi, akaikunja mara tatu, akaiweka chini ya glasi ya maji. Upepo alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

Kocha alianza kwa mbali. Alisimulia kwamba kule ughaibuni walikuwa weusi wawili tu timu nzima, wakapangwa chumba kimoja. Mwenzake alivaa kumi na moja. Wenyeji waliwaita mapacha, ingawa mmoja alikuwa mrefu kama nguzo na mwingine mfupi, hawakujisumbua kuwatofautisha. Wao wenyewe wakalifanya utani, wakawa wanaitana Pacha. Siku moja jukwaa liliwalilia wote wawili kuanzia filimbi ya kwanza. Wakati wa mapumziko Pacha alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, uso ndani ya taulo, na chumba kizima kikanyamaza.

"Niliogopa," Kocha alisema. "Si jukwaa. Niliogopa wenzetu watatuona walalamishi. Nilitaka wacheke, yaishe. Nikamwendea Pacha."

Mwandishi mmoja wa mbele akamuuliza kwa upole alimwambia nini.

Kocha alisogea kwenye kipaza sauti, akaitoa sauti ile. Chini chini, bila kukosea hata pumzi, kama kitu kilichotunzwa kabatini na kufutwa vumbi kila siku. Hu, hu, hu. Spika za pembeni zikaipokea na kumrudishia kutoka kila kona. Hakuna aliyecheka.

"Siku ile walicheka," alisema. "Pacha naye alicheka. Jioni nikakuta jezi yake kitandani, namba juu. Sijamwona tena. Ile ya jukwaani niliisahau zamani. Hii ninayoisikia kila siku ni yangu. Ng'ombe hakunywa maji, jamani. Ng'ombe naye aligeuka chura."

Alipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu.

Kufikia alasiri, kipande kilichokuwa kinazunguka kwenye simu za watu kilikuwa cha sekunde nne: kocha mzima, tai shingoni, analia kama nyani. Kabla na baada vimekatwa. Klabu ikamsimamisha. Katibu alimwambia kwa huzuni ya kweli kwamba wao walimwandikia mistari minne tu, ingemshinda nini?

Jumamosi alikaa nyumbani. Hakuwasha redio wala hakuuliza. Mkewe, ambaye sasa alijua kila kitu kama nchi nzima, alimwekea chai ikapoa, akamwekea nyingine. Jioni Bibi Sabuni akapiga simu. Alianza na matope, akaenda kwenye mashine inayovuja, akapitia matokeo, sare ya moja kwa moja. Kocha alimsikiliza kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Na kumi na moja imo kapuni," mama akasema mwishoni.

"Imekaaje?"

"Imegeuzwa. Matope mpaka kwenye kola."

"Amesema chochote?"

"Juu yako? Hapana. Kaomba soksi kavu."

Kocha akaiweka simu mezani, akaenda jikoni. Waya wa friji ulikuwa sakafuni alipouacha asubuhi. Akauchomeka. Friji likakohoa, likatetemeka, kisha likaanza, chini chini, bila kukosea.

"Mmepatana?" mkewe akauliza kutoka mlangoni.

"Bado," alisema, akavuta kigoda, akakaa mbele ya friji kusikiliza.