Kifurushi Kibaki Kizima

Dada mtu na mdogo wake walinuniana kwa sababu ya safu moja ya kanzidata.

Dada alikuwa mtunza kanzidata wa hospitali ya wazazi, mtu wa majedwali, kila kitu na safu yake. Mdogo wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Mabano, alitengeneza programu ya simu ya wakunga wanaowatembelea wajawazito majumbani. Taarifa za kila ziara zilifika hospitali kama kifurushi cha JSON: maelezo na vipimo vimefungwa pamoja ndani ya mabano. Mabano akavisokomeza vifurushi hivyo, vizimavizima, kwenye safu moja ya dada yake.

"Umenitupia gunia," dada alisema. "Humo nitatafutaje kitu?"

"Wakunga kila siku wana jambo jipya la kuandika. Safu zako ni jela!"

Maneno yakazaa maneno. Tangu hapo hata salamu zao zilipitia kwa mke wa Mabano, mpaka akachoka. "Wifi," alimwambia dada kwa simu, "mimi si mnara wa mtandao. Njoo muongee."

Dada hakwenda. Alikwenda siku ambayo mkunga mkuu aliingia ofisini kwake na kujibwaga kitini bila kukaribishwa. Mama mmoja alikuwa ameletwa na jirani, presha iko juu mno. Walimuwahi. Lakini kipimo cha ziara yake iliyopita kilikuwamo kwenye mfumo siku zote, kimelala ndani ya kifurushi.

"Kabla hajaletwa, niliomba mfumo unitajie wenye presha," mkunga alisema taratibu. "Ukurasa ukazunguka weee, mwisho nikaitwa wodini."

Hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomuuma dada zaidi.

Jioni alipiga hodi kwa mdogo wake. Mabano alifungua, akabaki ameshika kitasa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Lete kompyuta, tukae."

Akamsimulia yote. Mabano akainama, machozi yakimlengalenga. "Laiti ningekusikiliza."

"Na mimi ningekusikiliza wewe. Leo nimeshinda nikisoma vifurushi vyako. Mkunga mmoja ameandika kwamba mama fulani hana wa kumchotea maji. Safu yangu gani ingeuliza hilo?"

Wakakubaliana kifurushi kibaki kizima. Ila kila kinapoingia, kanzidata yenyewe ikifungue, ichomoe presha na umri wa mimba, iviweke kwenye safu zake zenye faharasa kama ya kitabu, ili anayetafuta asipekue gunia zima. Wakagundua wakunga wengine waliandika "presha", wengine "msukumo wa damu". Mabano akayafanya yote yasomeke kwa jina moja. Mkewe alipoleta chai aliwakuta wanabishana huku wanacheka. Akatua vikombe kimyakimya, akaondoka kwa ncha za vidole asije akawakatiza.

Yule mama alijifungua salama. Wiki hiyohiyo mkunga mkuu alibonyeza kitufe, majina ya wenye presha yakaja papo hapo. Hakupiga makofi wala nini, alinyanyua simu.

"Mama, hujambo? Hapana, usiogope. Nataka tu uje nikuone leo."

Dada na mdogo wake walisimama nyuma ya kiti chake, bega kwa bega. Hakuna aliyerudi kazini mpaka wa mwisho kati ya akina mama wale aliposema anakuja.