Betri ya Kinyozi

Baba yake Kaltuma alipiga picha za watu wa Malindi kwa miaka thelathini na minane, katika chumba kimoja cha mtaa wa Shella. Maharusi, mahujaji, vijana waliotaka picha ya kitambulisho, watoto waliolia mbele ya kamera. Alipofariki alimwachia bintiye makasha ya filamu, na unyevu wa chumvi ulikuwa umeshaanza kuzila. Kaltuma alikaa miaka mitatu akiziingiza kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Alipomaliza, filamu zenyewe zilikuwa zimegandana hazifai tena.

Kwa hiyo picha zote, elfu arobaini na ushei, zilikuwa mahali pamoja tu: ndani ya boksi jeusi lenye diski nne, chini ya meza ya studio. Watu walimjia kutafuta nyuso za wazazi wao waliokufa, naye akawatolea. Wengine walibusu karatasi kabla haijakauka wino.

Boksi hilo alifungiwa na Musembi, fundi kijana kutoka Machakos aliyehamia Malindi. Aliliunganisha na UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme unapopotea. Mwaka jana UPS ilianza kulia yenyewe, na Musembi akamwambia betri imezeeka, aibadilishe. Kaltuma alibonyeza kitufe cha kuinyamazisha, akaendelea na kazi zake.

Jumatano moja diski moja ikafa. Musembi alikuja alasiri, akaweka mpya, na zile tatu zilizobaki zikaanza kuijaza sehemu yake ya picha. Kazi hiyo ingechukua mpaka kesho yake mchana.

"Sikiza, mama," alisema akiwa amepiga magoti. "Hii ya tatu inakwaruza. Usiizime mashine mpaka imalize. Diski hii ikisimama, sidhani itaamka tena, na picha zote zitaenda nayo, maana boksi linavumilia kufa kwa diski moja tu, si mbili." Kisha akauliza, "Betri ya UPS ulibadilisha?"

"Nilibadilisha," alijibu Kaltuma. Aibu ndiyo iliyomtangulia mdomoni.

Kesho yake saa tano umeme ukakatika mtaa mzima. UPS ikalia mfululizo. Kwenye kioo chake kidogo palikuwa pameandikwa dakika sita, na diski mpya ilikuwa bado inahitaji muda wa saa tatu. Kaltuma alimpigia simu Musembi, aliyekuwa Mariakani juu ya paa akifunga paneli za sola.

"Musembi mwanangu, nilikudanganya. Betri ni ile ile. Stima imepotea na nina dakika sita."

Musembi aliweka chini bisibisi yake.

"Hayo baadaye, mama. Nini kingine kimechomekwa hapo?"

"Printa. Na feni."

"Toa vyote. Acha boksi peke yake."

Alichomoa vyote viwili. Zile dakika zikapanda mpaka kumi na moja.

"Vizuri. Jirani yupi ana sola?"

Alikuwapo Athman kinyozi, ng'ambo ya kichochoro. Kaltuma alitoka bila viatu. Alimkuta Athman na mashine mkononi, Mzee Nyale kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, na wateja wanne kwenye benchi.

"Athman, nisaidie umeme. Picha za baba zinapotea."

Athman hakuuliza zaidi. Alitazama inveta yake ukutani, ile inayotoa umeme wa betri ya sola. "Asubuhi kulikuwa na mawingu, betri haijajaa," alisema. Akazima televisheni, akazima feni, akazima friji ya soda, na mwishowe akachomoa hata mashine ya kunyolea. "Jamani, rudini jioni. Mzee, wewe nitakumalizia kwa mkasi."

"Mimi sina haraka," alisema Mzee Nyale. "Harusi yangu alinipiga picha marehemu baba yake huyu."

Walivuta waya wa ekstensheni juu ya kichochoro, ukapita dirishani, Kaltuma akachomeka UPS. Ilikuwa imebakiwa na dakika mbili. Kelele zikakoma. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akisikiliza ile diski ya tatu ikikwaruza, huku Athman akija kila mara kumwambia betri yake imefika wapi.

Saa nane na nusu taa zote nne za boksi zikawa kijani. Umeme wa mtaa ulikuwa haujarudi. Kaltuma alipiga simu tena, akaanza kulia. Musembi akasikia kilio, akaogopa, mpaka alipoelewa kwamba ni cha furaha.

Jumamosi Musembi alikuja na betri mpya na diski mbili. Alizima boksi kama inavyotakiwa, akaliwasha. Diski ya tatu haikuamka, lakini sasa zile nyingine tatu zilitosha kushika picha zote. Aliitoa, akaweka nzima mahali pake, na nyingine akaitumia kunakili kila kitu, ikahifadhiwe dukani kwa Athman.

"Nisamehe kwa ule uongo," Kaltuma alimwambia.

"Mama, ukweli ulinifikia dakika sita zikiwa bado zipo. Ungenificha zaidi, ningekuja kukupa pole tu."

Aliwapikia wote watatu, Musembi, Athman na Mzee Nyale, wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakala wakimcheka mzee kwa nywele alizokatwa na mkasi. Jioni ile, baada ya magharibi, Kaltuma alikaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida yake. Alimwombea baba yake, kisha akamtaja Athman, kisha Mzee Nyale, kisha yule Mkristo wa Machakos aliyesimama juani juu ya paa la watu akimwelekeza kwa simu. Kila jina alilitaja mara mbili, asije akasahau mtu.