Anwani ya Mama Patrobas

Zedekiah Andati alikuwa amebakisha wiki tatu astaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika masjala ya baraza la jiji, wenzake walipoamua kumnunulia zawadi ya maana. Mwaka huo wa 2009 kila mtu mwenye cheo alitembea na kitu kinachowaka taa mkononi, na Kinyanjui, aliyekuwa akishughulikia mambo ya sherehe, alisema hawezi kumwacha mzee aende nyumbani na saa ya ukutani.

Jumamosi moja, mara tu baada ya chakula cha mchana, Kinyanjui alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nyumbani kwa Zedekiah huko Mowlem, akaweka vitu viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa oganaiza, kibapa cheusi chenye kioo kipana na kalamu ndogo ya plastiki iliyochomekwa ubavuni. Kalenda, anwani za watu, orodha ya kazi za siku, vyote vilikaa humo ndani. Cha pili kilikuwa Blackberry, simu yenye vitufe vidogo vidogo vilivyobanana kama punje za mahindi, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kupokea na kutuma barua pepe.

"Mzee, hizi nimeazima kwa jamaa yangu mwenye duka," Kinyanjui alisema. "Kaa nazo mpaka Jumatatu. Hiyo simu nimeiwekea laini, intaneti iko. Utakayoipenda ndiyo tutakununulia. Lakini ukiniuliza mimi, chukua simu. Barua inakufuata popote ulipo."

"Barua zimenifuata miaka thelathini na miwili," Zedekiah akamjibu. "Sasa nataka ziniache."

Wakacheka. Kinyanjui akamaliza chai yake, akaaga.

Zedekiah alibaki na oganaiza mkononi. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa dayari. Kila mwaka alinunua mpya na kuijaza kwa mwandiko wa masjala, ulionyooka kama umepigwa rula: nani alikuja, nani hakuja, mvua ilinyesha saa ngapi. Alipogusa kioo kwa ile kalamu na kuona tarehe ya leo imefunguka mbele yake, alitabasamu peke yake. Hata hivyo alitaka mtu wa kumwambia kwamba amechagua vizuri.

"Mama Vivian! Hebu njoo uone."

Mke wake, Roseline, alikuwa ameketi dirishani akishona shanga kwenye kanda za viatu vya ngozi, vile alivyouza soko la Kariokor. Tangu asubuhi alikuwa kwenye kanda ileile moja, anashona, anafumua, anaanza upya. Chakula hakukigusa. Zedekiah alikumbuka kwamba hata jana hakula, na Alhamisi jioni vilevile. Alidhani kina mama wa kanisa wako kwenye mfungo, na kwa kuwa mfungo ni mambo ya mtu na Mungu wake, hakuuliza.

Roseline akaja, akasimama juu ya meza. Hata hakuitazama oganaiza.

"Hiyo nyingine," alisema, "Kinyanjui amesema ina intaneti sasa hivi?"

"Amesema. Lakini hii ndiyo nzuri. Ona, ina kalamu yake. Unaandika tu—"

"Hiyo haipokei barua, Baba Vivian. Mpaka uichomeke kwenye kompyuta."

Zedekiah akainua macho. Mke wake alikuwa ameishika Blackberry kwa mikono miwili na vidole gumba vyake vilikuwa vikienda juu ya vile vitufe, haraka, bila kutafuta. Alikisukuma kigololi kilichokuwa katikati, akabonyeza, akaandika tena. Yeye Zedekiah, karani mkuu wa masjala, alikuwa amechukua dakika kumi kujua pa kuiwashia.

"Unaandika nini hapo?"

"Anwani yangu."

"Anwani yako ya nini? Sanduku la posta ni langu."

"Ya barua pepe." Akabonyeza mara ya mwisho, akaiweka simu mezani kama mtu anayeweka yai. "Imesema ningoje. Inaweza kuchukua dakika ishirini."

Zedekiah alihisi masikio yake yakipata moto. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akimwomba amsomee risiti ya stima. Au alikuwa anajisingizia? Alimtazama kana kwamba ameingia nyumba ya jirani kwa makosa na kumkuta mke wa mtu.

"Una barua pepe," alisema taratibu. "Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Nani alikufundisha?"

"Vivian alinifungulia, kabla hajaolewa. Kalekye mwenye saiba hapo chini, ile ya kompyuta za kukodi, akanifundisha kuandika. Kila Alhamisi."

"Alhamisi ni ushirika wa kina mama."

"Ushirika huisha saa kumi. Mimi nyumbani hufika saa kumi na mbili. Hujawahi kuniuliza."

Alitaka kupandisha sauti, lakini Roseline alikuwa ameketi, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka mapajani. Hapo ndipo Zedekiah alipoogopa. Katika ndoa ya miaka thelathini alikuwa ameiona ile mikono ikitetemeka mara moja tu, siku walipomzika mtoto wao wa pili.

"Unamwandikia nani?"

Roseline alimtazama usoni. "Mimi naitwa Mama Patrobas," alisema. "Wewe ndiye uliyenibadilisha jina. Namwandikia Patrobas."

Kwa miaka minne jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile.

Patrobas ndiye aliyekuwa kifungua mimba wao. Zedekiah alikuwa amezunguka ofisi nyingi na kuwaomba watu wengi hadi akampatia kazi ya utarishi pale barazani. Baada ya miezi miwili kijana aliiacha bila kusema, akaenda kubeba zege kwenye mjengo, kwa sababu, alisema, hawezi kukaa siku nzima akisukuma faili za watu. Siku baba yake alipojua, walizozana sebuleni. Zedekiah alimzaba kofi. Alipoinua mkono kumzaba la pili, Patrobas aliudaka, akamsukuma kifuani hadi akaanguka kwenye kochi. Hakumpiga. Alimsukuma tu, kisha akabaki amesimama, ameshangaa yeye mwenyewe. Zedekiah, akiwa pale pale chini, mbele ya Roseline na Vivian, akasema: "Mkono huo ulioniinulia utakauka. Na mlango huu usiuone tena." Kesho yake aliishusha picha ya kijana ukutani. Baadaye alisikia watu wakisema Patrobas yuko Doha. Hakuuliza anafanya nini huko.

"Yuko Doha bado," Roseline alisema. "Alhamisi nilikuta barua saiba. Si yake, ni ya rafiki yake Wandera, wanalala chumba kimoja. Patrobas ameumizwa na mashine ya kuchanganya zege. Ijumaa asubuhi walikuwa wanampasua. Basi. Ndiyo barua yote. Jana nimeenda saiba mara tatu, hakuna kitu. Leo Kalekye amekwenda matangani Machakos, amefunga. Nikataka kuteremka hadi saiba ya Umoja, ukasema nisitoke, mgeni wa ofisini anakuja. Simu yake haishiki. Baba Vivian, sijui kama mtoto wangu yuko hai."

Zedekiah alikikumbuka chakula cha mchana. Alikuwa amekula wali na maharagwe, akaomba aongezwe. Alikuwa amemwambia mgeni kwamba mama amefunga, na wote wawili wakasema ni jambo jema.

"Ameumizwa wapi?" aliuliza hatimaye.

"Hakusema."

Waliketi wakiitazama ile simu. Chini kwenye uwanja wa magari mtu alikuwa akiuza mitungi ya maji kwa kupaza sauti, na redio ya jirani ilikuwa ikitangaza mpira. Zedekiah alitazama saa yake. Dakika nane. Akaitazama tena, bado nane. Alitaka kumshika mkono mke wake lakini hakujua kama bado ana ruhusa hiyo.

Taa nyekundu ikawaka kwenye kona ya simu. Ikazima, ikawaka.

Roseline aliichukua. Alisoma akisogeza midomo. Kisha akaiachia ikaanguka juu ya meza, akafunika uso wake kwa leso, akalia kwa sauti ambayo Zedekiah hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, sauti nzito ya kutoka tumboni.

Zedekiah aliamini mtoto amekufa. Goti lake liligonga meza alipokuwa akiinuka. Akaiokota simu, akaisogeza mbali na macho yake kama afanyavyo na gazeti, akasoma:

*mama niko sawa. wamekata vidole viwili kulia kile kidogo na cha pete. mkono umebaki. naandika na kushoto ndio maana vibaya. wandera ananilisha kama mtoto haha. usimwambie baba. atafikiri ni yale maneno yake na si hivyo ni mashine tu. ataumia bure. pat*

Alisoma mara ya pili, na ya tatu. Mkono wa kulia. Alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa amekaa miaka mingi akiwaambia watu kwamba mambo ya laana za wazee ni giza la zamani. Sasa alisimama katikati ya sebule yake, mchana kweupe, akiyasikia tena maneno yake mwenyewe ya siku ile. Lakini kilichomuumiza hasa hakikuwa vile vidole. Kilikuwa yale maneno ya mwisho. Kijana amelala hospitali ugenini, amekatwa vidole jana, na anachofikiria ni baba yake asije akaumia bure.

Akaketi. Hakulia, maana hakujua jinsi ya kuanza.

"Yuko hai," Roseline alisema ndani ya leso. "Yuko hai."

"Yuko hai," Zedekiah akaitikia. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua kwamba mnaandikiana?"

"Vivian. Kalekye. Mchungaji."

"Mchungaji!"

"Hulitaja jina lake kwenye maombi kila mwezi. Wewe hudhani ni Patrobas yule wa kwenye Biblia."

Wakati mwingine wowote angekasirika. Sasa aligundua kwamba kwa miaka mitatu watu wote walikuwa wakimzunguka kwa kunyata, kama wanavyomzunguka mgonjwa aliyelala, na kwamba mgonjwa alikuwa yeye. Akamsukumia Roseline simu.

"Mwandikie. Mwambie nimesoma."

"Sitaandika."

"Mama..."

"Nimeandika miaka mitatu," Roseline alisema, akijifuta macho. "Hiyo andika mwenyewe. Nitakuonyesha vitufe."

Ilimchukua karibu saa nzima. Vidole vyake vilikuwa vinene, akigusa kimoja vinabonyea viwili. Mara mbili alifuta kila kitu bila kutaka. Roseline aliketi kando yake, akimwonyesha pa kupata herufi kubwa, na hakumtajia neno hata moja la kuandika. Mwishowe barua ilikuwa hivi:

*Patrobas. Mimi ni baba yako. Mama yako hakuniambia, nimesoma mwenyewe. Maneno yale niliyasema mimi na leo saa kumi kasorobo nimeyafuta mbele ya mama yako. Mlango uko wazi. Kula vizuri.*

Akabonyeza, barua ikaenda, naye akabaki ameshika simu, ametahayari kama mtu aliyezungumza kwa sauti peke yake barabarani.

Jibu halikuja jioni hiyo. Usiku haukumpa usingizi. Jumapili kanisani, mchungaji alipomsalimu mlangoni, Zedekiah aliushika mkono wake muda mrefu kuliko kawaida, na mchungaji akamtazama, kisha akamtazama Roseline, akaelewa.

Saa nane mchana simu ikalia. Haikuwa barua. Namba ilikuwa ndefu, ya nje. Roseline ndiye aliyepokea, akasema maneno machache, akamnyooshea mumewe simu.

"Baba," sauti ilisema. Ilikuwa imekuwa nzito zaidi.

"Ndiyo." Zedekiah akakohoa. "Umepata namba wapi?"

"Mama alinitumia jana. Hukuona?"

Hakuona. Pengine alikuwa bafuni. Alisimama, akageukia ukuta.

"Unakula?"

"Nakula, baba."

"Kwa mkono upi?"

Patrobas akasema, "Wa kushoto. Utanisamehe adabu." Na akacheka kidogo, na ndani ya kicheko hicho Zedekiah akasikia kilio. Machozi aliyoshindwa kuyapata jana yakamjia yote kwa pamoja, akampa Roseline simu, akaenda kusimama jikoni huku maji ya mfereji yakimwagika bure.

Jumatatu alimrudishia Kinyanjui oganaiza na kumwambia wamnunulie simu.

"Si ulisema unataka barua zikuache?"

"Nilisema hivyo," Zedekiah akajibu.

Patrobas alirudi mwezi wa Novemba, mkono ukiwa umepona, vidole vitatu vikifanya kazi ya vitano. Watu wa ploti walikuja kumwona, na Roseline alipika kuku wawili. Wiki ya kwanza ilikuwa ya sherehe. Wiki ya pili, wakiwa mezani, kijana alisema kuna kandarasi ya mjengo huko Embakasi na kwamba ataanza Jumatatu, mkono au si mkono. Zedekiah alihisi maneno yakimpanda kooni, yote yakiwa tayari, kwa mpangilio mzuri. Akainuka, akachukua kofia, akateremka ngazi. Alitembea hadi mwisho wa barabara, akasimama kwa fundi wa baiskeli, akatazama tairi likizibwa kiraka, akarudi.

Walikuwa wamemwachia chakula. Akaketi, akanawa mikono.

"Hiyo kandarasi," alisema, "ni ya ghorofa ngapi?"

"Sita," Patrobas akajibu, akamsogezea ugali.