Baba Mkwe wa Komanda

Nywele za Ignace zilianza kubaki kwenye mto juma lile lile ambalo wasafiri walileta habari kwamba waasi wa Simba wameshapita Mambasa na wanakuja Beni. Ulikuwa mwaka wa 1964. Ignace alikuwa karani wa serikali mjini Butembo, mtu wa Kasai aliyeletwa huko na kazi mara tu baada ya uhuru. Hapo hapo Butembo alimwoa Simone, binti wa Kinande, kabila la huko, ambaye baba yake alikuwa amekufa zamani.

Matezi ya shingo yake yalikuwa yamevimba hata kola ya shati haifungi tena. Daktari wa misheni, Mzungu, alikata kipande akakipeleka Kampala, na jibu likarudi: kansa. Dawa nayo ilitoka huko huko, unga mweupe ndani ya vichupa, ambao muuguzi Malachie aliuchanganya na maji na kumpiga sindano kwenye mshipa wa mkono.

"Dawa hii ni kali," Malachie alimwambia Simone kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani, maana Ignace mwenyewe alikuwa ameinamia beseni anatapika. "Inaua kansa, mais inaua na vingine. Nywele zitaanguka. Kinywa kitatoka vidonda. Na inaunguza kibofu, donc lazima akunywe maji mingi, hata akikataa. Homa ikimushika, umulete mbio."

Simone aliyashika maneno hayo kama katekisimu. Alimsimamia mumewe na jagi la maji mpaka liishe. Alimsukutulisha maji ya chumvi yaliyochemshwa, akampikia uji mwepesi na kuupoza kabla ya kumpa, akaacha kabisa kupika makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, kwa sababu harufu yao ilimtapisha. Jirani mwenye kikohozi alisalimiwa kutoka ng'ambo ya ua. Ignace, ambaye maumivu yalikuwa yamemfanya mchungu, alimtukana mara nyingi.

"Tukana," Simone alimjibu. "Lakini kunywa."

Baada ya sindano ya tatu matezi yalinywea. Daktari aliyapapasa akacheka kwa furaha kama mtoto. Siku chache baadaye alivuka mpaka kwenda Uganda pamoja na masista. Malachie akakimbilia kwao Kasugho, na Simba wakaingia Butembo.

Walikuwa wakitafuta watu wa serikali. Benoît, mkubwa wa ofisi ya Ignace, walimpeleka sokoni na tai yake shingoni, wakawalazimisha watu kutazama akiuawa. Kisha wakaja Mususa, alikokaa Ignace.

Hakuweza kukimbia. Miguu haikumbeba hata kufika chooni bila kushikwa. Walipoingia uani walimkuta amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, amejifunika blanketi. Kichwa kilikuwa kitupu, nyusi hakuna, mashavu yamebonyea, ngozi imesinyaa na kuwa nyeusi ya majivu. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini na tano.

Aliyewaongoza aliitwa Komanda Ésaïe, mtu mrefu mwenye ukanda wa ngozi ya chui kichwani na sauti ya upole. Alimwangalia Simone aliyekuwa akikoroga uji.

"Karani Ignace iko wapi?"

"Alikimbia," Simone alisema, bila kuacha kukoroga. "Aliniacha peke yangu na baba yangu mugonjwa."

Ignace alilisikia neno hilo wakati ule ule walipolisikia wao. Yeye na Simone hawakuwa wamepanga kitu.

Mpiganaji mmoja, kijana wa Beni, alimwinamia akamsalimia kwa Kinande. Ignace alikielewa Kinande kidogo, lakini neno moja tu lingemtangaza kuwa Mkasai. Akafungua kinywa. Midomo ilipasuka, damu ikatoka, na kijana akaona ulimi mweupe wenye mashimo. Akarudi nyuma.

"Muzee ameoza kinywa."

"Basi mumuache," alisema Komanda. Na kwa Ignace, kwa heshima: "Pole sana, baba."

Walikwenda. Simone akaketi chini, na Ignace akamshika mkono, na wote wawili walilia bila sauti. Walidhani yamekwisha.

Kesho yake Komanda alirudi na sukari kwa ajili ya mgonjwa. Akarudi tena na sabuni. Aliketi uani akimtazama Simone anavyoinua, anavyosukutulisha, anavyofua matapishi, na akasema kwamba hajapata kuona binti anayemtunza baba yake hivyo. Mara ya mwisho alikuja na lori, mbuzi, na wapiganaji wawili kuwa mashahidi. Akavua ule ukanda wa chui, akapiga goti mbele ya mkeka.

"Baba, mimi hapana mwizi wa wanamuke. Ningeweza kumubeba tu, nani angenikataza? Lakini mimi nilifundishwa nyumbani. Bwana yake alimutupa. Nakuomba unipe binti yako."

Kaswera, jirani, ambaye aliijua nyumba ile vizuri, alitazama chini. Simone alikuwa amesimama mlangoni na jagi mkononi, akimtazama Ignace. Hakumpa ishara yoyote. Alingoja tu.

Ignace aliwaza kwamba baba anaweza kukataa. Mtu mpole hivi pengine angekubali kukataliwa. Lakini pengine angeuliza sababu, angeuliza majirani, na kila wazo lilipofika hapo lilimkuta Benoît sokoni na tai yake. Kifo ambacho alikuwa amekitapikia miezi yote ile kilikuwa kimemwacha, na sasa alikiogopa kuliko zamani.

Akatikisa kichwa kukubali.

Mbuzi alichinjwa pale pale. Komanda alikata kipande cha ini kilichochomwa akamlisha mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa baba ndiye wa kwanza kula. Nyama ilimuunguza vidonda kama kaa la moto. Alitafuna, machozi yakimtoka, na wapiganaji wakasema muzee analilia binti yake. Alipotapika, Komanda alimshika mabega.

Simone alimfundisha Kaswera: maji ya chumvi asubui na mangaribi, uji upoe kwanza, homa usiipuuze. Kisha akapanda lori. Hakuaga.

Miezi ilipita, jeshi la serikali likarudi, Simba wakatawanyika. Ilisemekana Komanda Ésaïe alipigwa risasi karibu na Mbau. Malachie alitoka Kasugho akampapasa Ignace shingo.

"Matezi hakuna! Mungu iko mukubwa. Mais tutapiga sindano zingine, isirudie."

Nywele ziliota tena, nyeusi, nzito kuliko za kwanza. Makarani waliobaki hai walikuwa wachache, kwa hiyo serikali ilimpandisha cheo na kumpa kiti cha Benoît. Siku aliyopata nguvu za kutosha alipanda lori kwenda Mbau kumtafuta Simone.

Simone alikuwa akiuza ndizi kando ya barabara ya Oicha, mimba yake imeshakuwa kubwa. Alimwona akishuka, akaendelea kupanga ndizi.

"Simone. Twende nyumbani."

"Shingo iko namna gani?"

"Imepona."

"Vizuri. Kazi yangu iliisha."

"Wangeniua. Uliona vile walifanya Benoît."

"Niliona. Ndiyo maana siku ile sikusema kitu."

Mwanamke aliyeuza mihogo kando yake aliinua uso. "Huyu ni nani?"

"Ni baba yangu," alisema Simone. "Yeye ndiye alinioza."

"Baba? Mbona kijana vile?"

"Alizeeka siku chache tu. Kisha akapona."

Mwanamke alicheka, akidhani ni mchezo. Ignace alibaki amesimama mbele ya ndizi, kofia mkononi. Lori lilisimama, dereva akanyoosha shingo kuuliza bei ya ndizi.

"Baba, sogea kidogo," alisema Simone, "unanizibia bateja."

Ignace akasogea.