Fimbo Kwenye Matope

Ishbel alitoka bahari ya magharibi kwa miguu, hema mgongoni, akiikata milima ya Uskoti kwenda bahari ya mashariki. Alipoteguka mguu njiani, mwanawe Struan alimfuata kwa gari akamlaza hotelini. Mguu ulipopata nafuu, mama akataka arudishwe pale pale alipochukuliwa, ambapo makusudi alikuwa ameichomeka fimbo yake kwenye matope kando ya barabara.

Struan aliendesha hadi kwenye daraja moja, mashariki ya pale penye fimbo, akafunga breki.

"Shuka, mama. Fimbo iko maili mbili huko nyuma, nimekupunguzia."

"Nani kakutuma?"

"Mama, na umri huo! Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Kwani mimi si mtu?"

Akashuka, akajitwika hema, akaanza kuchechemea kuelekea magharibi, mvua ikimchapa usoni.

Struan akashusha kioo. "Mama! Bahari iko huku!"

"Ilikuwepo kabla hujazaliwa. Itanisubiri."

"Basi panda nikufikishe kwenye fimbo!"

"Nilikwambia hivyo tangu asubuhi, ukajifanya mjanja. Sasa utanikoma."

Struan akamfuata nyuma polepole kama anayesindikiza maiti, kila mara akipiga honi, na kila mara mama akijifanya kiziwi. Walipofika, Ishbel aliing'oa fimbo, akaifuta tope kwenye sketi, akageuka. Gari lilikuwa limeziba njia mbele yake. Akaligonga boneti kwa fimbo, ko!

"Haya, niondolee bati lako hapa. Nakwenda baharini."