Uvimbe wa Miezi Mitano

Mimi ni fundi cherehani, na kwa muda sasa nimekuwa nikizilegeza sketi zangu mwenyewe kiunoni, nikijidanganya kuwa nimenenepa. Mkojo ulinibana ovyo, hedhi ilitoka kama bomba lililopasuka, nami nikajikaza tu.

Leo daktari alinipaka jeli ya baridi tumboni, akapitisha kipimo chake cha ultrasound, kisha akakirudisha pale pale mara mbili.

“Ni uvimbe kwenye kizazi,” alisema mwishowe. “Umefikia ukubwa wa mimba ya miezi mitano. Tutautoa, tuupime kama ni saratani. Huenda tukalazimika kutoa na kizazi.”

Mama mkwe, aliyenisindikiza, alikuwa nyuma ya pazia, na masikio yake huchagua ya kusikia. Aliingia uso umemchanua, machozi yanamtiririka, akaweka kiganja juu ya tumbo langu lililokuwa bado linateleza.

“Miezi mitano, na ukanificha, mwanangu? Anacheza?”

Nilimtazama daktari aniokoe. Yeye alikuwa anafuta kipimo chake, anafuta tu, kama vile kina doa lisilotoka.

Niliushika mkono wake.

“Bado, mama,” nikasema.